Black Flag: mwacheni mwimbaji, msikilizeni mpiga besi

Kila inapotajwa Black Flag, bendi ya panki (roki ya kasi, kelele na hasira) ya Hermosa Beach, California, ubishi huwa ni uleule: nani hasa alikuwa mwimbaji wao? Kuna wanaoapa kwa jina la Keith Morris, aliyeanza. Kuna wa Ron Reyes, kuna wa Dez Cadena, na kuna kundi kubwa kuliko yote, la wale ambao kwao Black Flag ni Henry Rollins na kaptula yake nyeusi, wengine wote walipita tu. Nimeushiriki ubishi huo kwa miaka na nimehama upande mara mbili. Siku hizi nawaona wabishi, mimi wa zamani nikiwemo, kama watu wanaobishana juu ya kofia ya dereva huku gari limeshazimika injini. Anayetaka kujua bendi hii ilikuwa hai lini na ilianza kufa lini, amtafute mpiga besi, yaani lile gitaa la sauti nzito.

Neno panki lenyewe huwachanganya watu. Kwetu wengi ni mtindo wa kunyoa: pembeni kipara, katikati jogoo. Ukitazama picha za Black Flag wa mwanzo hutaona kichwa cha namna hiyo. Greg Ginn, mpiga gitaa na mwanzilishi, anaonekana kama karani aliyetoka kazini na kusahau kubadili shati. Na kweli alikuwa mtu wa biashara tangu utotoni. Akiwa na miaka 12 alianzisha kampuni ya kuuza vifaa vya redio kwa njia ya posta, vingi vikiwa masalia ya vita ambavyo yeye alivirekebisha. Akaiita Solid State Transmitters. Mwaka 1978, alipoona hakuna lebo inayotaka kutoa rekodi ya bendi yake, alichukua kifupi cha kampuni hiyohiyo akaanzisha SST Records. Yeyote anayeshangaa kesi na visa vilivyokuja baadaye akumbuke jambo hili: bendi ilizaliwa ndani ya duka la mtu, na mtu huyo alijua kutunza hesabu.

Bendi ilianza mwaka 1976 kwa jina la Panic. Mwimbaji alikuwa Keith Morris, kijana mfupi ambaye baba yake alikuwa na duka la vifaa vya uvuvi palepale Hermosa Beach. Shida yao kubwa wakati ule haikuwa nyimbo. Ginn alizitunga kwa wingi. Shida ilikuwa watu kufika mazoezini. Aliyeikata shida hiyo ni Gary McDaniel, aliyejiita Chuck Dukowski, kutoka kundi jingine la mtaani lililoitwa Würm. Alikuwa akizungukazunguka pale mazoezini, akachukua besi, na tangu hapo mazoezi yakawa mazoezi. Jina la Panic lilipoonekana tayari linatumiwa na wengine, mdogo wake Ginn, msanii Raymond Pettibon, alipendekeza Black Flag, bendera nyeusi, akachora na nembo ya pau nne nyeusi zilizosimama wima, zimepanda na kushuka kidogo kama kitambaa kinachopepea. Nembo hiyo leo imechorwa kwenye ngozi za watu ambao hawajasikiliza hata wimbo mmoja.

Rekodi yao ya kwanza, Nervous Breakdown, ina nyimbo nne na inakwisha kwa dakika kama tano. Isikilize ukiwa na spika nzuri, si simu. Gitaa la Ginn linakwaruza, linakimbilia pembeni, linarudi limechelewa. Morris anafoka kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Kinachoizuia isisambaratike ni besi ya Dukowski, ambayo haitembei chini ya gitaa kwa heshima kama besi nyingi zilivyozoea. Inashindana nalo. Watu wawili wanavuta kamba moja, na kamba ndiyo wimbo.

Julai 1979 waliomba kupiga kwenye tamasha la familia katika bustani ya Polliwog Park, Manhattan Beach. Inasimuliwa kwamba Ginn aliwahakikishia wahusika wa bustani kuwa muziki wao ni wa aina ya Fleetwood Mac, yaani laini, wa kusindikiza chakula cha mchana. Wazazi walikuwa wametandika mablanketi kwenye nyasi, vikapu vimefunguliwa, watoto wanakimbia. Bendi ilipoanza, na Morris alipoanza kutukana, kilichokuwa ndani ya vikapu kiliruka hewani: vipande vya tikiti maji, sandwichi, makopo. Bendi haikushuka. Waliendelea kupiga huku wakikwepa. Wengi hukumbuka kisa hiki kwa sababu ya matikiti, na ni kweli kinachekesha. Mimi hunionyesha kitu kingine: watu wanne waliokuwa wamefanya mazoezi kiasi kwamba chakula cha familia nzima ya mji hakikuwatoa kwenye mdundo.

Baada ya hapo waimbaji wakapita mbiombio. Morris aliondoka mwaka huohuo, amechoka na mazoezi yasiyokwisha na mwenyewe akiwa mlevi wakati ule, akaunda Circle Jerks. Akaja Ron Reyes, kijana mzaliwa wa Puerto Rico, ambaye mwaka 1980, katikati ya onyesho katika ukumbi wa Fleetwood, Redondo Beach, aliweka kipaza sauti chini na kuondoka. Bendi ikabaki jukwaani ikipiga wimbo wa zamani wa roki, Louie Louie, kwa muda mrefu ajabu, mtu yeyote katika umati akipanda kuimba akitaka. Kisha Dez Cadena, ambaye hakuwahi kuwa mwimbaji na koo likawa linamwishia ziarani. Nyuma yao wote alikuwa Roberto Valverde, Robo, mzaliwa wa Colombia, kwenye dramu, na Dukowski kwenye besi. Hao wawili na Ginn ndio waliokuwa bendi. Jioni ile ya Fleetwood ilithibitisha hivyo mbele ya ukumbi uliojaa: mwimbaji aliondoka, onyesho likaendelea.

Wa nne ndiye aliyekuja kukaa. Mwaka 1981 Henry Garfield, aliyejiita Rollins, alikuwa na miaka 20, meneja wa duka la aiskrimu la Häagen-Dazs huko Washington, na mwimbaji wa kundi dogo la S.O.A. Aliendesha gari hadi New York kuwaona Black Flag. Usiku ukasonga, na yeye alikuwa na zamu ya asubuhi. Akawaomba wapige Clocked In, wimbo unaohusu kuingia kazini, kwa kuwa kazini ndiko alikokuwa anaelekea, kisha akaruka jukwaani akauimba mwenyewe. Cadena hakukasirika. Alikuwa anatafuta pa kukabidhi kipaza sauti ili abaki na gitaa la rithim. Siku chache baadaye Rollins aliitwa majaribio, wakapiga karibu kila wimbo waliokuwa nao, na kijana wa aiskrimu akarudi nyumbani kuacha kazi.

Naomba hapa niwe mkweli kwa wafuasi wa Rollins: Damaged, albamu iliyotoka mwishoni mwa 1981, ni kazi kubwa, na sauti yake imo ndani ya ukubwa huo. Lakini nyimbo zake nyingi zilikuwa zimeshaimbwa na waliomtangulia. Rekodi za waimbaji hao zipo. SST ilizikusanya baadaye katika Everything Went Black, na ukizilinganisha moja moja utaona kwamba kinachobadilika ni ladha ya hasira tu. Morris ana hasira ya kejeli, Reyes ya kitoto, Cadena ya mtu aliyechoka, Rollins ya mtu anayejipiga mwenyewe. Mifupa ni ileile, ya Ginn na Dukowski. Kilicho kipya kweli katika Damaged ni magitaa mawili, Ginn na Cadena, na besi inayolazimika kupigana na wote wawili.

Ndipo yakaja ya mahakamani. Damaged ilitakiwa isambazwe na kampuni kubwa ya MCA kupitia lebo ndogo ya Unicorn. Mkubwa mmoja wa MCA aliisikiliza akaikataa, akisema kama mzazi anaiona ni rekodi ya kuwapinga wazazi. SST ikaitoa yenyewe, ikabandika maneno ya mkubwa huyo kwenye jalada kama tangazo. Unicorn wakashitaki, na mahakama ikawazuia Ginn na wenzake kutoa chochote kipya kwa jina la Black Flag. Walipotoa Everything Went Black mwaka 1982 bila jina la bendi, wakiorodhesha majina ya wanamuziki tu, Ginn na Dukowski walilala jela siku tano kwa kudharau mahakama. Zuio lilikwisha Unicorn ilipofilisika mwaka 1983. Katikati ya hayo Robo alikwama kwa matatizo ya viza baada ya ziara ya Uingereza, hakuweza kurudi, na wapiga dramu wakaanza kubadilishwa kama matairi: Emil Johnson, Chuck Biscuits, hatimaye Bill Stevenson wa kundi la Descendents.

Tazama nani walikwenda jela pamoja. Mwimbaji hakuwemo, walikwenda mpiga gitaa na mpiga besi.

Kwa hiyo kilichotokea mwaka 1983 kinauma zaidi. Ginn alikuwa anaelekea kwenye muziki mzito wa polepole, na akaona Dukowski hawezi kutulia kwenye mwendo huo. Mkono wake ulitaka kukimbia. Hakumfukuza. Alimkalia kimya, mazoezi yakawa mazito, hadi Rollins, aliyempenda Dukowski kama kaka, akachoka kuangalia na kwenda kumwambia yeye kwamba ametolewa. Kaka huyo hakuondoka hata kwenye jengo: aliendelea kufanya kazi SST na kuwapangia wenzake ziara. Sijui bendi nyingine ambamo mtu alipokonywa ala yake kisha akaachiwa simu.

Na nani alipiga besi kwenye albamu iliyofuata, My War ya 1984? Jaladani ameandikwa Dale Nixon. Hakuna mtu wa jina hilo. Ni Ginn mwenyewe, kwa jina la kubuni. Wimbo uliobeba jina la albamu ulitungwa na Dukowski, aliyekwisha kutolewa.

Hapo ndipo ninapoweka alama yangu. Wengi wataniambia Dale Nixon ni utani wa studio, na pengine ulianza hivyo. Lakini kupitia utani huo Ginn aligundua kwamba kiti cha besi, kile cha mtu wa kumbishia, kinaweza kukaliwa na yeye mwenyewe. Sikiliza My War ukijua hilo. Gitaa na besi havishindani tena. Vinakubaliana. Vinakwenda bega kwa bega kama mtu na kivuli chake. Upande wa pili wa santuri una nyimbo tatu tu, kila mmoja umezidi dakika sita, za polepole hadi mashabiki wa panki wa siku zile walizomea. Historia imewapa Black Flag ushindi kwenye hilo. Makundi ya kaskazini-magharibi ya Marekani, Melvins wakiwa mbele, yaliunywa upande ule wote, na muziki wa Seattle wa miaka ya tisini una deni kwake. Naukubali ushindi huo. Upande ule wa pili naupenda. Nimeusikiliza usiku mwingi umeme ukiwa umekatika, simu ikibaki na chaji kidogo. Ila ni muziki wa mtu mmoja, na raha yake ni raha ya kumsikiliza mtu akizungumza peke yake chumbani.

Kuna atakayenipinga kwa jina la Kira Roessler, na ana haki. Kira alichukua besi mwishoni mwa 1983, na kwa miaka miwili alikuwa mpiga besi hodari kuliko wote waliopita pale, kwa ufundi. Alipiga hadi mkono ukaumia, huku akisoma chuo kikuu cha UCLA na kupanga ziara kuzunguka masomo yake. Mwaka 1984 pekee walitoa albamu tatu za studio na moja ya jukwaani. Slip It In na Loose Nut zina sehemu ambapo unaisikia besi ikikataa kuburuzwa, hasa Stevenson anapoiachia nafasi. Lakini Kira aliajiriwa ndani ya nyumba iliyokwisha kujengwa. Hakuwa na nafasi ya Dukowski katika utunzi, hakuwa na sauti kwenye kampuni, na mwaka 1985 aliondolewa. Stevenson naye alikwenda mwaka huohuo. Baadaye Kira alifanya kazi ya kuhariri sauti za filamu, akashinda tuzo ya Emmy kwa tamthilia ya John Adams. Ni mtu ambaye riziki yake imekuwa kusikia kile ambacho wengine hawasikii, na nina hakika alisikia mapema kwamba pale hapakuwa na mazungumzo.

Ziara ya mwisho, 1986, ilikuwa na C'el Revuelta kwenye besi na Anthony Martinez kwenye dramu. Bendi iliyowafungulia pazia ilikuwa Gone, kundi jingine la Ginn mwenyewe, la muziki mtupu bila mwimbaji. Yaani kila usiku Ginn alipanda mara mbili, na ya kwanza ndiyo ilionekana kumfurahisha. Onyesho la mwisho lilikuwa Detroit, Juni 27. Agosti alimpigia Rollins simu akamwambia ameacha bendi. Mwenye bendi ameacha bendi: Rollins hakuwa na la kujibu. Mwaka uliofuata alipounda Rollins Band, alikwenda moja kwa moja kuwachukua mpiga besi na mpiga dramu wa Gone, Andrew Weiss na Sim Cain. Mtu aliyekaa miaka mitano mbele ya jukwaa alikuwa amejifunza pa kutazama.

Yaliyofuata kwa miaka mingi nayapita haraka. Septemba 2003 Ginn aliitisha maonyesho Los Angeles na Long Beach kuchangia makazi ya paka. Ndiyo, paka. Walipopiga nyimbo za My War, wakiongozwa kwa sauti na mcheza skeitibodi wa kulipwa Mike Vallely, besi ilitoka kwenye mashine: Dale Nixon alikuwa amefufuka, safari hii bila hata kuhitaji mikono jukwaani.

Mwaka 2013 kukawa na Black Flag mbili. Moja ilikuwa ya Ginn, akiwa na Ron Reyes yuleyule wa 1980. Nyingine ilijiita Flag tu: Keith Morris, Chuck Dukowski, Bill Stevenson, Dez Cadena, na Stephen Egerton wa Descendents akisimama mahali pa Ginn. Kwa mujibu wa karatasi, ya kwanza ndiyo yenyewe, kwa kuwa ina mwenyewe. Ginn na SST walikwenda mahakama ya shirikisho huko Los Angeles kuomba wenzake wazuiwe kutumia jina na zile pau nne, wakamuunganisha na Rollins, ambaye hakuwa kwenye bendi yoyote kati ya hizo lakini alikuwa ameomba kusajili nembo pamoja na Morris. Oktoba jaji Dean Pregerson alikataa kutoa zuio la muda. Mwaka uliofuata walimalizana nje ya mahakama.

Jaji alikuwa na karatasi. Mashabiki walikuwa na masikio. Flag walipiga nyimbo za kabla ya 1984 kwa kasi yake, na ukitafuta video zao utaona kitu cha ajabu: gitaa halimkosi mwenyewe kama ulivyotarajia. Egerton amejifunza kila mkwaruzo wa Ginn, mpaka ule wa kuchelewa makusudi. Dukowski, mzee mwenye umri wa babu, anarukaruka na kutikisa kichwa kana kwamba shingo ni ya kuazima. Kamba inavutwa tena pande mbili. Upande wa pili, albamu ya Ginn ya mwaka huo, What The..., ina nyimbo 22, jalada lililochorwa na Reyes likachekwa hadi na marafiki, na kwenye besi jina ni lilelile. Dale Nixon. Nimejaribu kuimaliza kwa mkao mmoja nikashindwa, na si kwa sababu ya Reyes. Hakuna anayembishia Ginn mle ndani. Kila wazo lake linapokewa na wazo lake.

Novemba hiyo, jijini Perth, Australia, nyimbo chache kabla ya onyesho kwisha, Mike Vallely alipanda jukwaani akamwambia Reyes kazi imekwisha, akachukua kipaza sauti akamalizia yeye. Mara ya kwanza Reyes aliiacha bendi katikati ya onyesho. Mara ya pili bendi ilimwacha yeye katikati ya onyesho. Vallely akawa mwimbaji kuanzia 2014. Mwaka 2025 Ginn, sasa mzee aliyevuka miaka 70, alitangaza safu mpya kabisa ya vijana ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa amezaliwa Black Flag ilipovunjika, na mwimbaji ni msichana, Max Zanelly. Watu wakaanza upya ubishi uleule: anafaa au hafai kusimama aliposimama Rollins? Sina neno na Zanelly. Anafoka vizuri.

Nilichokitafuta mimi katika habari ile ni mstari wa besi. Umeandikwa David Rodriguez. Ni mtu wa kweli, ana mikono. Nimeanza kutazama vipande vya maonyesho yao kwenye simu, sauti mbaya, picha inatikisika, nikiwa nimeongeza besi hadi mwisho, nisikie kama yupo wakati wowote ambapo kijana yule anakataa kumfuata mzee.

Mpaka sasa nimesikia mara moja, au nadhani nimesikia.